Maziwa Maalumu ya Kopo kwa Mtoto Mwenye Shida ya Tumbo: Ni Nani Hasa Anayahitaji?



Mama akitoka arobaini, nyumba hupwaya. Bibi amerudi kwake, shangazi ameaga, na mama amebaki na mtoto anayelia kuanzia magharibi hadi usiku mwingi, ngumi amezifumba na miguu ameikunja tumboni. Ndio wakati uleule, kwenye wiki ya 6 hivi, ambapo kilio cha watoto wachanga hufikia kilele. Majirani wanasema ni chango. Kukicha, baba yuko dukani anauliza: "Hamna maziwa ya tumbo?" Mada yangu inahusu jibu tunalompa baba huyo.

Kilio cha namna hiyo, kwa mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, kwa kawaida hupungua chenyewe akifika mwezi wa 3 au wa 4. Kucheua maziwa nako huzidi kwenye mwezi wa 4 hivi, na watoto wengi huwa wameacha wakitimiza mwaka. Na mtoto wa wiki kadhaa anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa hata wiki bila kupata choo, kisha akakipata kikiwa laini. Huyo hajafunga choo. Kabla ya kutaja kopo lolote, mkalishe mama, mwache anyonyeshe nawe ukiangalia. Je, mtoto ameingiza sehemu kubwa ya weusi wa titi mdomoni, au ananing'inia kwenye chuchu? Anahamishiwa titi la pili kabla hajalimaliza la kwanza? Mtoto wa kuhamishwahamishwa hujaza tumbo maziwa ya mwanzo, yenye mafuta kidogo, akajaa gesi na kupata choo cha kijani chenye povu. Akiachwa amalize titi moja kwanza, mara nyingi shida hiyo hupungua, na haikugharimu hata shilingi.

Makopo yenyewe hayafanani. Yaliyoongezwa wanga wa mchele au unga wa mbegu za karobu ni mazito. Yanapunguza kucheua, hayaponyi ugonjwa. Yanayosifiwa kwa kutuliza tumbo yamevunjwa protini kidogo tu na kupunguzwa laktosi. Ushahidi kwamba yanakomesha kilio ni hafifu, na kwa maoni yangu kumwachisha mtoto titi kwa ajili yake ni kumdhulumu. Yasiyo na laktosi yana nafasi finyu: utumbo ulioumizwa na kuhara hupungukiwa kwa muda kimeng'enya cha kusaga sukari hiyo, choo kikawa majimaji chenye uchachu na makalio yakababuka. Hata hapo mtoto wa titi aendelee kunyonya, apewe ORS na zinki. Upungufu wa kuzaliwa nao ni adimu mno. Maziwa ya mama yana takriban gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100, na watoto hukua nayo.

Mahali ambapo kopo maalumu lina kazi kubwa ni kwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Dalili zake ni choo chenye nyuzi za damu na makamasi, ukurutu usiosikia dawa, kutapika, uzito kusimama. Ikiwa mtoto ananyonya, mama ndiye anayeacha maziwa, mtindi, siagi na chai ya maziwa kwa wiki 2 hadi 4, akila dagaa wasiotolewa mifupa ili asikose kalsiamu. Kwa mtoto wa kopo, daktari huandika maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo sana, na hali ikiwa kali, yaliyotengenezwa kwa asidi amino pekee. Ladha yake ni chungu, hivyo mama aambiwe mapema, asidhani yameharibika. Maziwa ya mbuzi, ambayo wengi huyakimbilia, hayafai: protini zake zinashabihiana mno na za ng'ombe. Ya soya nayo hayashauriwi kwa mzio huu kabla ya miezi 6.

Tuongee gharama waziwazi. Mtoto wa kilo 5 hunywa kama mililita 750 kwa siku, sawa na karibu gramu 100 za unga. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku 4. Familia isipoelezwa hesabu hiyo, siku ya 3 itapunguza vijiko na kuongeza maji, na mtoto atakonda huku anashiba. Unga huo pia si tasa, hivyo uchanganywe na maji yaliyochemka ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, yapozwe, yanywewe ndani ya saa 2; yanayobaki yamwagwe.

Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kampuni kumpa mama sampuli za bure au kutangaza maziwa haya vituoni, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Kalenda na kalamu zenye nembo za kampuni ziondoke kwenye meza zetu.

Ndugu wa maduka ya dawa, matapishi ya kijani, matapishi yanayoruka kwa nguvu, damu chooni, tumbo lililovimba na kukaza, au choo cheupe kwa mtoto mwenye manjano: msiuze chochote, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Choo cheupe kinaweza kumaanisha njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Mtoto aliyeandikiwa maziwa ya mzio arudi baada ya wiki 2 hadi 4. Kama amepata nafuu, ajaribiwe tena protini ya ng'ombe chini ya uangalizi, maana nafuu peke yake haithibitishi mzio. Ukithibitika, jaribio jingine hufanyika akikaribia mwaka mmoja, kwa kuwa watoto wengi huuacha wanavyokua. Tarehe za majaribio hayo ziandikwe kwenye kadi ya kliniki siku ileile kopo la kwanza linapotolewa.