Milivoti Moja: Makosa Yanayotangulia Elektrodi katika Upimaji wa Floraidi

Utangulizi

Mkazi wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Ameiona kwenye meno ya watoto. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyaachia madini haya kwenye chemchemi na visima. Yakizidi, meno hupata madoa ya kahawia, na kwa anayeyanywa miaka mingi, mifupa huumia na hata kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu 4 kwa miaka mingi, kisha nayo ikashuka hadi 1.5. Mada hii ina hoja moja: makosa mengi tunayoisingizia elektrodi yametokea kabla haijagusa maji.

Chombo na lugha yake

Njia ya rangi ya SPADNS ni rahisi, ila huvurugwa na madini mengine. Kromatografia ya ioni hupima floraidi, kloraidi, naitreti na salfeti kwa mkupuo mmoja, lakini mashine yake ni ghali na matunzo yake ni ghali vilevile. Maabara zetu nyingi za maji zinaweza kumudu elektrodi.

Elektrodi hii ilielezwa mwaka 1966 na Frant na Ross wa Marekani. Nchani ina fuwele ya lanthanamu floraidi inayoitikia ioni za floraidi kuliko karibu ioni nyingine zote. Mkolezo ukipanda mara kumi, usomaji hushuka kwa takriban milivoti 59 katika nyuzi joto 25. Ukipiga hesabu, milivoti moja ni sawa na kosa la asilimia 4 hivi. Maji yenye 1.50 kamili yatasomeka 1.44, yapite, au 1.56, yakataliwe. Kisima kinafungwa au kinafunguliwa kwa milivoti moja.

Mtego wa shabu

Mbinu ya Nalgonda, iliyobuniwa India, huondoa floraidi kwa shabu na chokaa. Shabu ina aluminiamu, nayo aluminiamu huikamata floraidi na kuificha. Elektrodi huona ioni zilizo huru tu. Ukipima maji hayo bila bafa, namba itakuwa ndogo na mtambo utasifiwa, ilhali floraidi bado imo na itanywewa.

Ndiyo maana tunachanganya sampuli na bafa ya TISAB nusu kwa nusu. Kemikali iliyomo huishika aluminiamu na chuma, floraidi ikabaki huru. Bafa pia huweka pH kati ya 5 na 5.5: ikishuka sana, floraidi huungana na haidrojeni isionekane, ikipanda sana, elektrodi huidhania ioni ya haidroksidi kuwa floraidi. Mimumunyo sanifu, yaani ile yenye kiasi cha floraidi kinachojulikana, nayo itiwe bafa hiyohiyo kwa kiasi kilekile.

Mezani

Mmumunyo mama hutengenezwa kwa gramu 2.21 za sodiamu floraidi iliyokaushwa, kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa. Huo una miligramu 1,000 za floraidi. Uhifadhiwe kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floraidi haipatani na kioo. Sampuli nazo zichotwe kwa plastiki.

Sampuli iliyotoka kwenye jokofu isipimwe papo hapo. Iache ilingane joto na mimumunyo sanifu. Weka kipande cha kadibodi kati ya bika na kikorogeo cha sumaku, maana mota hupasha moto kimyakimya. Angalia kiputo cha hewa chini ya fuwele; kikiwepo, namba haitatulia. Pima kuanzia mmumunyo hafifu kwenda mkali, ukisuuza na kufuta elektrodi kila mara. Mteremko wa ugezi, yaani badiliko la usomaji mkolezo wa mimumunyo sanifu ukipanda mara kumi, ukiwa nje ya milivoti 54 hadi 60, simama. Usipime sampuli ya mtu.

Mapendekezo

Kwanza, kila cheti cha floraidi kionyeshe mteremko wa ugezi wa siku hiyo. Pili, maji yaliyotibiwa kwa shabu yaandikwe hivyo kwenye chupa tangu kisimani. Tatu, jibu lililo kati ya 1.4 na 1.6 lirudiwe kwa ugezi mpya kabla ya kutiwa saini. Marudio hayo hayamalizi saa moja. Meno ya mtoto yakishaharibika, hayarudi.