Mbwa Mdogo, Wajibu Mkubwa
Mazungumzo na watumiaji wanaotarajia kununua mbwa kwa mara ya kwanza

Mwaka niliomaliza chuo nilinunua mtoto wa mbwa wa aina ndogo kutoka kwa mtu aliyekuwa amembeba kikapuni, kando ya barabara. Nililipa taslimu, bila kudai risiti wala kadi ya chanjo. Muuzaji alisema ana miezi mitatu, nami nikaamini kuwa udogo ule ni wa asili. Siku ya nne alianza kutapika na kuhara damu. Siku ya sita akafa. Daktari wa mifugo aliyemtazama meno alisema hakuwa ametimiza hata wiki sita. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu udogo wa mbwa hutupotosha mara tatu: tunaponunua, tunapotunza na tunapofunza.

Kwanza, ununuzi. Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane. Nenda mahali anapolelewa, umwone akiwa na mama yake. Dai kadi yenye jina la chanjo, tarehe, na sahihi ya daktari wa mifugo. Usitume fedha kwa ajili ya mbwa uliyemwona pichani tu. Andikianeni makubaliano yanayotaja umri, chanjo, bei, na hatua zitakazochukuliwa iwapo ataugua katika siku za mwanzo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Hata hivyo, lalamiko lisilo na risiti wala maandishi ni gumu kulithibitisha.

Pili, matunzo. Sukari ya mwili wa mtoto wa mbwa mdogo hushuka upesi akikaa na njaa; kwa hiyo mgawie chakula mara tatu au nne kwa siku. Usimpe chokoleti, vitunguu, zabibu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Unapotembea naye, mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kumvuta shingoni, kwani koromeo lake ni laini. Usimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari, haijali ukubwa wa mnyama. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona.

Tatu, mafunzo. Mbwa mkubwa akimrukia mgeni tunamkemea. Mdogo akifanya vivyo hivyo tunacheka. Kicheko hicho ndicho somo analolishika. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Akijisaidia panapostahili, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha chakula. Akikosea, safisha bila makelele: kipigo humfunza kujificha, hakimfunzi kujizuia. Chagueni neno moja kwa kila tendo, na nyumba nzima ilitumie. Baba akisema “keti” na watoto wakisema “kaa”, mnyama hatajua amtii nani. Mzoeshe pia kuguswa masikio, nyayo na mdomo, na kupigwa mswaki, maana meno ya mbwa wadogo husongamana na fizi zao huugua mapema. Kumbukeni kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, awe mkubwa au mdogo.

Ndugu watumiaji, mbwa wa aina ndogo akitunzwa vyema aweza kuishi miaka 12 hadi 15. Basi kabla ya kutoa fedha, jiulize: Nimemwona mama yake? Nina maandishi mkononi? Ni nani atakayemlisha mchana nikiwa kazini? Ukikosa jibu kwa swali lolote kati ya hayo, ahirisha ununuzi. Mimi sikujiuliza hata moja, na aliyelipa gharama ya uzembe wangu si mimi.