Dirisha la Kanisa kama Matini: Kutoka Mkunazini hadi Rusumo

Dirisha la vioo vya rangi ni matini, tena kongwe: katika Ulaya ya enzi za kati, waumini wasiojua kusoma walijifunza habari za watakatifu kwa kuvitazama vioo hivyo. Linaposimulia historia ya mahali, nani hupewa nafasi ndani ya mwanga?

Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lafaa kuwa mfano. Lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule yule ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Dirisha moja limewekwa kwa kumbukumbu ya David Livingstone. Jingine ni la mabaharia wa Kiingereza waliofariki katika doria za kuzuia biashara ya watumwa. Anayewatafuta waliouzwa hapo huinamisha macho: sakafuni, karibu na altare, kuna alama ya mahali panaposemekana palisimama mti wa kuwachapia. Sanamu zao, zilizochongwa na Clara Sörnäs miaka ya 1990, zimo shimoni, nje ya jengo. Mafundi nao husimuliwa kuwa walizisimika baadhi ya nguzo juu chini askofu alipokuwa safarini. Kisa hicho huchekesha, lakini mtafiti wa fasihi simulizi asikipuuze. Ndicho kinachomkumbuka fundi asiye na jina.

Kipimo kigumu zaidi kiko Rusumo, wilayani Ngara, ambako Mto Kagera hutenganisha Tanzania na Rwanda. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia huko kuingia Rwanda. Karne moja baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walilivuka daraja kuja Tanzania katika muda wa saa 24, na mto ulikuwa ukiteremsha maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari. Fundi wa vioo angemchora Götzen bila taabu: mtu mmoja, jina moja. Umati ule ni kazi nyingine, kwa kuwa walikuwamo waliokimbia vita na walikuwamo pia waliokuwa wameua. Neno “mkimbizi” liliwafunika wote. Kioo hakina stara hiyo. Kila uso sharti ukatwe, upakwe rangi yake, kisha ushikizwe kwa madini ya risasi.