Chuma Kilichomo Udongoni: Hotuba kwa Wanachama



Tumeombwa kusema machache juu ya chuma kilichomo udongoni. Sisi si wataalamu. Shule yetu ilikuwa ya misheni, na chuma tumekijua kwa mikono. Lakini jambo hili latuhusu, maana watoto wetu hucheza kando ya karakana na viwanda, kisha hutia vidole kinywani.

Kwanza, tusidanganywe na rangi. Sisi tuliotoka Garissa twaujua mchanga mwekundu wa kwetu. Wekundu ule ni chuma, na madini yake huitwa hematiti. Ukiwa wa manjano au hudhurungi, mara nyingi ni gethiti, ndugu yake kutu. Madini hayo yamefanywa na jua, mvua na miaka mingi. Garissa haina tanuru la chuma, wala reli haijafika. Kwa hiyo udongo wa kwetu watufundisha kwamba udongo mwekundu si lazima uwe umechafuliwa.

Pili, tuangalie vumbi la viwanda. Tanuru linapowaka, matone madogo ya chuma hupeperushwa pamoja na moshi, hupoa hewani, na kuanguka yakiwa vidonge vya mviringo, vidogo kuliko punje ya mchanga. Vingi ni magnetiti, madini meusi yanayovutwa sana na sumaku. Mashine ya kunolea nayo hutupa vipande vya chuma kitupu. Hematiti huvutwa kidogo mno hata jicho halioni.

Basi fanyeni hivi. Chukueni udongo wa juu, halafu udongo wa kina cha mkono mmoja. Chukueni hapo karibu na kiwanda, tena mbali nacho, mahali pasipochomwa moto, kwa kuwa moto nao hugeuza chuma cha udongo kikavutwa. Ukaushe, uuponde, uupime kwa kijiko kilekile. Funga sumaku kwa karatasi, upitishe juu yake. Ikiwa vumbi jeusi ni jingi juu na karibu, nalo lapungua chini na mbali, yaelekea limeanguka kutoka hewani. Likiwa sawa kila mahali, huenda ni la asili. Mto Tana watoka milima ya Kenya na Nyandarua, yenye mawe ya volkano, na mawe ya namna hiyo yana magnetiti yake yenyewe.

Ndugu, sumaku huonyesha njia tu, haihukumu. Chuma chenyewe si sumu kubwa, lakini vumbi la tanuru laweza kubeba risasi, zinki na kromi, na risasi haivutwi na sumaku. Hapo hatuna budi kwenda kwa wapimaji. Wao hutumia eksirei kutambua madini, na pia njia iliyogunduliwa na Rudolf Mössbauer mwaka 1958, ambayo hutofautisha aina moja ya chuma na nyingine.

Faida ya vipimo twaiona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa kwa risasi. Wenyeji walipeleka mahakamani vipimo vya damu na vya udongo. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2024. Malalamiko ya mdomo peke yake yasingefika huko.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liweke mifuko ya udongo, yenye tarehe na mahali ulipochimbwa, kisha tudai kwa pamoja upimwe na maabara. Wakati tukingoja, tuvue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.