Kumchagua Fundi wa Kutengeneza Nyumba



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za kumchagua fundi wa kutengeneza nyumba. Huenda mtu akasema, "Mafundi wamejaa mjini, mashauri ya nini?" Sisi nasi tulisema hivyo, na baadaye tulijuta.

Wazee wetu walituachia nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta mmoja ulipata unyevu, chokaa ikabanduka. Wakaja mafundi 3, tukamchagua aliyetaja bei ya chini. Hatukuuliza amefanya kazi wapi, wala hatukuandika neno. Alitaka nusu ya fedha kuwa arubuni, tukampa. Juma la pili akataka iliyobaki anunue saruji, tukampa. Akaupiga ukuta lipu ya saruji, ukang'aa, na majirani wakatusifu.

Masika ya pili lipu ile ilivimba, ikapasuka, ikaanguka. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa na ncha za boriti zimeoza. Na chini ya dari ile ndipo alipokuwa akilala mama yetu. Tulimtafuta fundi, hakuonekana.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji, kisha huyatoa polepole hewani. Saruji huziba. Maji yakipenya katika ufa mdogo hayapati njia ya kutokea. Hukaa ndani, yakaharibu chokaa na kuozesha miti. Pengine fundi yule hakukusudia kutudhulumu. Hakuijua nyumba ya namna ile, nasi hatukujua la kumwuliza.

Fundi wa pili tulimtafuta kwa njia nyingine. Tulikwenda kwanza kuutazama ukuta aliokuwa ameutengeneza miaka 5 nyuma, tukamwuliza mwenye nyumba kama mvua imeingia tena. Mwashi huyo mzee alipofika kwetu hakutaja bei. Aligonga ukuta kwa kidole, akapanda juu ya paa, akashuka, akauliza, "Mwalimu, maji haya yatoka wapi?" Kumbe mlizamu wa paa ulikuwa umepasuka, na ukuta ulikuwa ukinyweshwa kila mvua! Aliutengeneza mlizamu kwanza, akabadili boriti, akaungoja ukuta ukauke, ndipo akaupaka chokaa.

Basi twawashauri mambo manne. Kwanza, tazameni kazi ya fundi iliyokwisha kupita katika mvua, wala msiridhike na maneno yake. Pili, andikeni mapatano: kazi gani, vifaa gani, nani atakayevinunua, bei gani, siku ngapi, nanyi nyote wawili mtie sahihi mbele ya shahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, lipeni kwa kadiri ya kazi iliyokwisha, mkaweke sehemu 1 katika 10 mpaka masika yapite. Nne, ulizeni sheria za mahali penu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mwenye nyumba hana budi kupata kibali kabla ya kuibadili.

Nyumba ya kale haitaki mzaha. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake huku likitengenezwa, na watu 2 wakafa. Twalitaja kwa huzuni, si kwa kumlaumu mtu.

Lakini haki ina pande mbili. Fundi akimaliza sehemu yake, mpeni ujira wake siku ile ile. Wako wenye nyumba wanaomzungusha fundi kwa "njoo kesho", kisha hushangaa akienda zake. Anayetaka uaminifu na aanze kuutoa.

Ukuta wetu sasa umepita masika 3, nao ni mkavu, na mama amerudi chumbani mwake. Ni kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuuziba, mtafuteni yule atakayeuliza ufa umetoka wapi.

Kwaherini.