Mwezi na Mbingu ya Baba Yetu



Katika sala ya Baba Yetu twatamka kwamba Mungu yuko mbinguni. Neno hilo moja, mbingu, lilitutia taabu hapa Likasi katika mwezi wa Julai 1969, na lingali linawataabisha wakatekumeni wengine. Kwa hiyo leo tutalieleza kwa kukumbuka usiku ule watu walipofika mwezini.

Ilikuwa Dominika, tarehe 20. Mji wetu ulikuwa umekwisha kuitwa Likasi tangu 1966, ila wazee walizidi kusema Jadotville. Baridi ya kipupwe ilikuwa kali. Sisi vijana wa misioni tuliketi kuizunguka mbabula, redio ya betri katikati yetu, na mmoja aliyejua Kifaransa akitutafsiria. Wenzetu wengine walikuwa zamuni katika kiwanda cha Shituru, wakapata habari walipotoka kazini asubuhi. Mama mmoja alikuwa akimwuguza mtoto; jirani alipobisha hodi usiku ule, alidhani ameletewa habari ya msiba.

Saa 4 na dakika 17 za usiku, kwa saa za kwetu, chombo cha Neil Armstrong na Edwin Aldrin kilitua. Michael Collins alibaki akiuzunguka mwezi. Tukatoka nje mbio. Mwezi ulikuwepo, haujatimia nusu, umeinama upande wa magharibi, wala haukuonyesha alama yoyote. Armstrong alipoukanyaga, saa 11 kasoro dakika 4 za alfajiri ya Jumatatu, kwetu ulikuwa umekwisha kuchwa.

Asubuhi hiyo alikuja misioni mzee mmoja aliyekuwa akijitayarisha kwa ubatizo. Akaweka medali yake juu ya meza.

«Padri, mmetufundisha kwamba Mungu ni Baba aliye mbinguni. Sasa watu wamepanda huko na bendera yao, hawakumkuta. Nitamwomba nani?»

Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa amezika watoto wawili, na tumaini lake lote lilikuwa huko juu.

Padri alinyamaza kitambo, kisha akasema, «Mzee wangu, watoto wako uliwazika ardhini. Wachimbaji wa Kambove huichimba ardhi kila siku. Je, wamewahi kukutana na roho za wafu?»

«Hapana, Padri.»

«Basi kama roho za watoto wako hazikai katika udongo tunaouchimba, Mungu naye hakai katika mwezi unaokanyagwa.»

Ndugu, shikeni vema. Lugha yetu ina jina moja kwa vitu viwili. Mbingu ya kwanza ni anga hii tunayoiona, yenye jua, mwezi na nyota. Mungu aliiumba kama alivyoumba mito na mawe. Mwezi uko mbali nasi kilomita kama 384,000, na mawe na vumbi walivyoleta watu wale, kilo 21 na nusu hivi, vilipimwa kwa mizani kama shaba yetu. Mbingu ya pili ni kuishi pamoja na Mungu na kumwona jinsi alivyo. Huko hakuna chombo kifikacho. Mrusi Gherman Titov, alipozuru Marekani katika mwaka 1962, alisema kwamba angani hakuona Mungu wala malaika. Alitafuta katika mbingu ya kwanza yule aliye Bwana wa zote mbili.

Papa Paulo VI hakuogopa safari ile. Usiku ule, huko Castel Gandolfo, aliutazama mwezi kwa darubini, na ujumbe wake ulioachwa mwezini ulikuwa na Zaburi ya 8, ambamo mwenye kusali anashangaa kwamba Muumba wa nyota amjali mwanadamu. Siku chache baadaye, tarehe 31 Julai, alifika Kampala, Papa wa kwanza kuzuru Afrika. Wengi wetu tuliona habari hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya mwezi. Aldrin naye, ambaye si Mkatoliki, aliomba wote wanyamaze na kushukuru, kisha akala mkate na kunywa divai kwa desturi ya kanisa lake.

Mzee yule hakuichukua medali siku ile. Alirudi baada ya majuma mawili akaivaa, kisha akauliza, «Je, watoto wangu wananisikia nikiwaombea?» Swali hilo tutalijibu katika somo la juma lijalo, juu ya ushirika wa watakatifu.