Ini Lafanya Kazi Gani?

Haya ni maneno aliyoyasema mwalimu mmoja wa baolojia mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza mjini Dodoma. Tunayapiga chapa ili na wale wasiokuwapo wayapate.



Nimeombwa niseme machache juu ya somo la baolojia na mwili wa binadamu, ambalo mtalianza juma lijalo. Sitawachosha. Nina jambo moja tu, nalo nitalianza kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi nilikuwa hodari wa kukariri. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na mimi niliyameza majina yote, ya Kiingereza na ya Kilatini, mfupa kwa mfupa. Katika mtihani nikapata alama nzuri. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani. Jioni moja mama alikuwa akimkata kuku, akashika ini mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma habari za mwili, hebu niambie. Hili ini lafanya kazi gani?"

Nikafungua mdomo. Yakanijia maneno kumi ya Kiingereza, wala sikuweza kugeuza hata moja likamfaa mama. Nikamjibu, "Mama, hayo ni mambo marefu." Akacheka, akaendelea na kazi yake. Mimi sikucheka. Siku ile nilitambua kwamba alama nilikuwa nazo, lakini elimu sikuwa nayo.

UGONJWA WA MWAKA 2016

Ndugu zangu, swali lile si la mzaha. Katika mwaka 2016 ugonjwa uliingia vijijini katika nyanda hizi za kati, mkoa wa Dodoma na mkoa jirani wa Manyara. Watu waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakawa manjano, matumbo yakavimba. Mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulipofanyika ilihesabiwa kwamba watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki.

Ni nini kilichowaua? Si mchawi, wala si upepo mbaya. Ni sumukuvu, nayo ilikuwamo katika mahindi yao wenyewe, chakula cha kila siku.

Kuna kuvu moja, jina lake la kitaalamu Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni. Nchi yetu hii hupata mvua ya msimu mmoja tu, nayo mara nyingi hukatika mapema. Mahindi au karanga zikipigwa na jua kali kabla hazijakomaa, mmea hudhoofika, na ile kuvu hupata mlango wa kuingia. Tukivuna, tukaweka ghalani punje ambazo hazijakauka sawasawa, huzidi kumea. Sumu yake haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali umeiva, na sumu imo.

Mtu akila, sumu hiyo huingia damuni. Na damu itokayo katika utumbo, kabla ya kuzunguka mwilini, hupita kwanza kwenye ini. Ini ndilo forodha ya mwili: mzigo hukaguliwa hapo. Likikuta sumu hujaribu kuivunja. Lakini sumukuvu ina hila. Ini likianza kuivunja, lenyewe huigeuza ikawa kali zaidi, na ukali huo huziharibu seli za ini. Sumu ikiwa nyingi, seli hufa upesi, na ile rangi ya manjano ambayo ini hupaswa kuitoa hubaki damuni, ikaonekana machoni. Sumu ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Na mwenye homa ya ini aina ya B huwa katika hatari kubwa zaidi.

Mnaona? Katika kisa hiki kimoja zimo sura nyingi za kitabu chenu: kuvu, mmea, tumbo, damu, ini na seli. Kitabu huzitenga, lakini mwili hauzitengi.

DENI LETU

Elimu hii haikupatikana juzi. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa na watu wasijue sababu. Wataalamu walirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye chakula cha ndege wale, wakakuta unga wa karanga wenye sumu ya kuvu. Basi mwaka 2016 habari hiyo ilikuwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 50, na bado katika nyumba nyingi haikuwa imefika ghalani. Aliyepaswa kuipeleka ni nani, kama si mtu aliyesoma?

Wala tusiwadharau wazee wetu. Mgogo aliyeanika nafaka yake juu ya tembe hakwenda chuo, lakini alijua kwamba nafaka mbichi haiwekwi akiba. Kazi yetu ni kumpa sababu, ili desturi njema aishike zaidi, na ile yenye hatari aiache. Maana wako wanaotenga mahindi yaliyoota ukungu, kisha wakayapikia pombe au kuwapa mifugo. Ng'ombe akila, sumu hutokea tena katika maziwa ya mtoto.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila somo mtakalofundishwa mchana, jioni mlieleze kwa Kiswahili, au Kigogo, au Kirangi, mpaka asiyesoma aelewe. Ukishindwa, ujue hujalielewa. Pili, msikimbie kazi ya maabara. Mwenye kuona kwa macho yake hasahau. Tatu, mkienda likizo, msikae barazani tu kama wageni. Ingieni ghalani mtazame.

Mama yangu nilimjibu likizo iliyofuata. Nilimweleza habari za ini, na forodha, na ukungu wa karanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakunisifu, bali aliniuliza: "Mbona mwaka jana hukuniambia?"

Ndugu zangu, msingoje kuulizwa swali hilo.